Jiometria ya Fraktali na Mandhari ya Haut-Lomami

Ukingo wa Ziwa Upemba, katika jimbo la Haut-Lomami ambalo makao yake makuu ni Kamina, una urefu gani? Jibu hutegemea kipimo: kadiri kinavyofupishwa, ndivyo vighuba vingi zaidi vinavyohesabiwa na urefu kuongezeka. Benoît Mandelbrot alilidhihirisha jambo hili mwaka 1967 kwa pwani ya Uingereza. Mwaka 1975 akabuni istilahi ya fraktali. Makazi nayo huweza kuwa na sifa hiyo: Ron Eglash (1999) alionyesha kuwa kijiji cha Waila nchini Zambia ni duara la maduara. Makutano ya reli ya Kamina, kinyume chake, si fraktali, kwani matawi yake hayajirudii kwa udogo. Anayenukuu urefu wa ukingo bila kutaja kipimo amenukuu nusu ya ukweli.