Kizimba kwa Kila Rika: Makazi ya Kuku Migori na Homa Bay

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mtu aliyehamia ugenini. Hata hivyo, chimbuko lake ni ufugaji: kuku aliyenunuliwa hufungwa kwanza, asipotee wala kuchangamana mara moja na wenyeji. Makala haya yanafafanua umuhimu wa kuwatenga kuku wanapoongezeka, kwa kurejelea kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya.

Katika maboma mengi ya maeneo haya, kuku wa kienyeji, ambao Waluo huwaita gweno, hushinda nje wakijitafutia chakula, na usiku hulala jikoni au katika banda moja. Wakiwa sita, mpango huo hauna taabu. Wakifika arobaini, hubanana, wadogo hudonolewa na wakubwa, na ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Ikumbukwe kwamba kuku ni akiba ya nyumba: huuzwa karo inapodaiwa au mgonjwa anapohitaji dawa. Wakifa, akiba hiyo imeteketea.

Adui mkuu ni kideri, ugonjwa wa virusi unaoenezwa kwa pumzi, kinyesi, vyombo na hata nyayo za mfugaji. Kuku wasiochanjwa huweza kufa karibu wote kwa siku chache. Zaidi ya hayo, kuku anayeonekana mzima sokoni Oyugis au Rongo huweza kuwa tayari ameambukizwa. Kwa sababu hiyo, mgeni atengwe kwa wiki 2 au 3.

Je, wenyeji nao wagawanywe vipi? Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa mwongozo, kwani ina jina kwa kila rika la kuku.

Kwanza, kuna vifaranga. Hawa pamoja na mama yao wahitaji kizimba kikavu chenye joto, kisichofikiwa na mwewe wala kicheche. Kuku wakubwa huweza kubeba vijidudu vya kuhara damu bila kuugua, ilhali vifaranga hufa.

Pili, kuna tembe, yaani jike mchanga anayekaribia kutaga, na pora, yaani dume ambaye hajaanza kuwika. Wakitengwa, hula bila kufukuzwa na wakubwa.

Tatu, kuna koo wanaotaga pamoja na jogoo. Jogoo 1 hutosha majike 10. Hawa wahitaji viota vyenye kiza. Chakula chao cha kutagia kina chokaa nyingi inayodhuru figo za vifaranga. Hii ni sababu nyingine ya kuwatenga.

Nne, kuna kizimba cha wageni, kilicho mbali na vingine. Kuku mgonjwa asiwekwe humo, bali atafutiwe mahali pake.

Kuhusu ujenzi, mita 1 ya mraba hutosha kuku wakubwa 4 au 5; basi banda la mita 2 kwa 3 halifai kuzidisha kuku 30. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi ili jua lipige pande fupi. Karibu na Ziwa Victoria, ambako joto ni kali, madirisha ya waya yawe mapana. Wakati wa kuhudumia, mfugaji aanze kwa vifaranga na amalizie kwa wageni na wagonjwa, asije akawabebea wadogo maradhi.

Ni kweli kwamba si kila mfugaji anaweza kujenga vizimba vinne kwa mpigo. Banda moja laweza kugawanywa kwa fito na waya, na tenga likawahifadhi vifaranga. Kizimba cha wageni ndicho kitangulie, maana ni kidogo na hukinga wote. Aidha, vizimba havichukui nafasi ya chanjo, kwani kuku wanaoachiliwa mchana hukutana na wa jirani. Faida yake ni kwamba siku ya chanjo kila kuku hupatikana alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa.

Kwa hiyo, kamba ya wahenga haikuwa ya kumwonea mgeni. Palipo na kuku wengi, kamba hiyo sasa ni ukuta.