Kompyuta Kubwa Ziko Mbali, Njia Inapita Makambako

Juni na Julai sakitu huanguka juu ya nyanda za Makete, mkoani Njombe. Bonde moja linaungua, kilima cha jirani kinabaki kijani, kwa sababu hewa baridi ni nzito na usiku hutiririkia mabondeni. Sayansi ya kutabiri tofauti hiyo ipo. Kinachopungua ni nguvu ya kukokotoa, na ndiyo maana mtandao wa kikanda wa kompyuta kubwa za utafiti unamhusu mkulima wa viazi kama unavyomhusu profesa wa Dar es Salaam.

Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, chenye mitambo yake Bologna, Italia, huigawa dunia katika visanduku vya upana wa takriban kilomita 9. Kila kisanduku kina mwinuko mmoja. Kwenye tambarare hilo halina shida. Lakini Mkoa wa Njombe una uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na una ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Ludewa, chini ya mita 500. Ukitaka visanduku vya kilomita 3, idadi yake inaongezeka mara 9, na hatua za muda nazo zinabidi zifupishwe mara 3. Kazi inakuwa kubwa mara 27. Modeli ya utabiri iitwayo WRF, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitumia, hupatikana bure. Mtambo wa kuiendesha kwa undani huo ndio wenye gharama.

Mtambo wenyewe ni mamia au maelfu ya kompyuta zilizopangwa kwenye makabati na kuunganishwa kwa nyaya za kasi kubwa mno. Kazi zinazopelekwa humo ni za aina mbili, na asiyezitofautisha hataelewa mtandao wa kikanda unafaa nini. Aina ya kwanza ni kama kupukuchua mahindi: magunia mia ukiwapa watu mia, kila mmoja anamaliza lake bila kumwuliza mwenzake. Kuchambua vinasaba vya sampuli nyingi za ugonjwa wa viazi zilizokusanywa na watafiti wa kilimo wa TARI Uyole ni kazi ya namna hiyo. Nusu inaweza kufanyika Arusha, nusu Cape Town. Aina ya pili haikubali kutenganishwa. Upepo unaotoka kisanduku kimoja unaingia cha jirani, hivyo prosesa zote hupashana habari kila hatua, mara maelfu kwa utabiri mmoja. Ukiweka nusu Dar es Salaam na nusu Lusaka, zitakesha zikisubiriana. Utabiri unakaa chumba kimoja.

Kwa hiyo anayedhani nchi za SADC zitaungana kuwa kompyuta moja kubwa anakosea. Mtandao ni utaratibu wa kupeleka kila kazi kwenye mtambo unaoifaa, popote ulipo. Mwanzo wake tumeuona. Mtambo wa Ranger uliwashwa 2008 katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ukiwa na viini vya prosesa 62,976. Ulipostaafishwa 2013, baadhi ya makabati yake yaligawanywa na kusafirishwa Afrika Kusini, Tanzania na Botswana. Mwaka 2016 kituo cha kompyuta kubwa cha CHPC, Cape Town, kikawasha Lengau, wenye uwezo wa petaflopu 1, yaani mahesabu trilioni 1,000 kwa sekunde. India nayo, kupitia taasisi yake ya C-DAC, imesaidia kuweka mitambo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Nashukuru misaada hii, ila mtambo uliozeeka hula umeme mwingi kwa kazi ndogo, na vipuri vyake huadimika upesi. Mpango wa kanda hauwezi kujengwa juu ya mitumba peke yake.

Kizuizi kikubwa zaidi ni njia. Chukua data za terabaiti 1. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, itachukua zaidi ya siku 9 kuzisafirisha, umeme usipokatika. Kwa gigabiti 1, ni saa mbili na robo hivi. Mtafiti mwenye njia ya kwanza hana kompyuta kubwa, hata akipewa ruhusa ya kutumia zote za Afrika.

Hapa Makambako ina bahati ambayo miji mingi haina. Reli ya TAZARA inapita, barabara ya Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na njia ya umeme wa kilovolti 220 iliyoitoa Songea kwenye jenereta za dizeli mwaka 2018 inaanzia hapo. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano nao unafuata njia hizohizo. Baridi ya nyanda hizi ingepunguza hata gharama ya kupoza mitambo, kwa sababu kompyuta za namna hii hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Lakini mkongo kupita karibu na mji ni jambo moja, na kuingia kwenye maabara ni jambo jingine. Kilomita hizo chache za mwisho ndizo TERNET, mtandao wa elimu na utafiti nchini, na shirika la simu TTCL wazipe kipaumbele kabla ya mtu yeyote kununua kabati jipya.

Halafu watu. Tangu Novemba 2017 mitambo yote 500 inayoongoza duniani kwa nguvu huendeshwa kwa Linux, programu ya bure inayokubali hata kwenye kompyuta kuukuu ya shule. Walimu wa TEHAMA wa Njombe na Makambako, wafundisheni wanafunzi wenu Linux sasa, msisubiri mtambo.