Jina na Matamshi ya Herufi H katika Lugha za Kirumi

Kwa kawaida, jina la herufi hubeba sauti ya herufi hiyo. Katika lugha za Kirumi, yaani lugha zilizozaliwa na Kilatini, herufi H huikiuka kanuni hii. Kifaransa huiita *ache*, Kihispania *hache*, Kiitaliano *acca*, na Kireno *agá*. Majina hayo yote huanza kwa irabu yanapotamkwa, wala hayana sauti [h] popote. Swali linalozuka ni hili: herufi iliyopoteza sauti yake huendelea kuandikwa kwa kazi gani?

Kilatini kilikuwa na sauti [h], lakini ilidhoofika mapema. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, mshairi Catullus alimdhihaki mtu aliyeipachika mahali pasipostahili. Kosa la namna hiyo ni dalili ya wasemaji waliokwisha kupoteza hakika ya matumizi yake. Hivyo, lugha hizo ziliirithi herufi bila sauti.

Hata hivyo, kila lugha imeipa jukumu lake. Katika Kiitaliano, H hutenganisha *hanno* (wana) na *anno* (mwaka), na pia *ho* (nina) na *o* (au). Katika Kihispania, mara nyingi hutunza kumbukumbu ya sauti nyingine: *filius* ya Kilatini ikawa *hijo* (mwana), ambapo [f] iligeuka [h] kabla ya kutoweka, ilhali Kireno kimebaki na *filho*. Katika Kifaransa, husemwa *l'homme* (mtu) kwa kudondosha irabu ya kibainishi, lakini *le héros* (shujaa) huizuia irabu hiyo isidondoshwe. H zote mbili hazisikiki, bali tabia zake ni tofauti. Kiromania ndicho kilichopata upya sauti yenyewe, hasa kupitia maneno ya mkopo kutoka lugha za Kislavoni, kama vile *hrană* (chakula).

Ulinganisho na Kiswahili huliweka suala hili wazi. *Haya* na *aya* hutofautishwa na sikio. *Hanno* na *anno* hutofautishwa na jicho pekee. Kwa hiyo, kuiita H “herufi bubu” ni kueleza kiwango cha fonolojia tu. Katika kiwango cha othografia na sarufi, herufi hiyo ingali inafanya kazi.