Kulirejeshea Gari Utulivu Wake

Mwenye gari aliyezoea kupita kila siku katika lami iliyochimbika na changarawe yenye mawimbi aghalabu hatambui ni lini hasa gari lake lilianza kuyumba, kwa sababu uchakavu wa viungo vya chini huja taratibu, na mikono yake juu ya usukani hufuatana nao hatua kwa hatua, hata akadhani kuwa ndivyo chombo kilivyoundwa. Mara nyingi abiria mgeni, aliyejishikilia kiti penye kona, ndiye wa kwanza kuuliza kulikoni.

Tutazame Toyota Probox, gari lililotolewa Japani mwaka 2002 kwa kazi ya kusambaza bidhaa mijini, ambalo nchini Kenya limepata sifa kwa kubeba miraa ya Meru na mizigo ya kila namna. Magurudumu yake ya mbele yameshikwa kwa mtindo wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ule ambao Ford waliutia katika magari ya Consul na Zephyr yaliyooneshwa London mwaka 1950, na ambao sasa umeenea katika magari madogo ya dunia nzima. Katika mtindo huu springi na shokapu hukaa pamoja katika mguu mmoja: springi hubeba uzito, na shokapu, ambayo ndani yake pistoni hulazimisha mafuta kupenya matundu membamba, huugeuza mtikisiko kuwa joto, springi isiendelee kurukaruka. Mafuta yakivuja, gurudumu hudunda badala ya kuikamata barabara, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Kwa hiyo shokapu nzima si anasa ya abiria. Ni sehemu ya usalama wao.

Walakini wengi hukimbilia kununua shokapu mpya ilhali ugonjwa umo katika vitu vidogo zaidi, yaani bushi za mpira zilizo katika mkono wa chini, ule unaoliunganisha gurudumu na fremu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, lakini hata miaka hiyo yatosha mpira kukauka na kufanya nyufa, gari liwe limetembea sana au limesimama. Bushi ikishapasuka, dereva akanyagapo breki mkono wa chini hurudi nyuma kidogo, gurudumu likageuka bila ya usukani kuguswa, na gari likavuta upande. Fundi mwenye maarifa hatasubiri kukisia: atalipandisha gari kwa jeki, atie mtaimbo kati ya mkono na fremu, asukume, na mpasuko utafunguka mbele ya macho, kisha atalishika gurudumu juu na chini kuipima boljointi, kiungo cha gurudumu na mkono wa chini, na kulia na kushoto kuzipima tairodi, fimbo za usukani.

Maadamu vitu hivyo ni vibovu, kuweka shokapu ngumu za fahari ni kupoteza fedha. Vikisharekebishwa, ndipo mtu aweza kufikiria kulizidishia gari uwezo. Shokapu za gesi zafaa kwa barabara za mawimbi, kwani mgandamizo wa naitrojeni huyazuia mafuta yasifanye povu. Bushi za polyurethane ni madhubuti kuliko za mpira, lakini hupitisha kelele na mtetemo hadi ndani, na kwa gari la familia mimi ningechagua mpira wa kampuni yenye sifa. Ama spesa zinazotiwa juu ya springi ili gari liinuke, sizipendi hata kidogo: haziirefushi shokapu, huipa eksi pembe kali, na huuinua uzito wa gari hata likalala zaidi kwenye kona.

Liko jambo moja la ufundi ambalo lastahili kujulikana na kila mwenye gari. Bushi ya mpira katika mkono wa chini kwa kawaida imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na hufanya kazi kwa kujipinda, si kwa kuteleza. Fundi mwenye haraka huikaza bolti yake magurudumu yakining'inia. Gari lishukapo, mpira huwa umekwisha pindwa kabla ya safari kuanza, na haukawii kupasuka, kisha lawama zote zikamwangukia muuza spea. Njia sahihi ni kuikaza bolti kwa wepesi tu, kulishusha gari likae kwa uzito wake, kulitikisa mpaka litulie, halafu kuingia chini, katika shimo la gereji, na kuikaza kwa spana ya kipimo.

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto, na baada ya kazi yoyote ya namna hii sharti magurudumu yapimwe alaimenti, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Basi, msomaji, utakapolipeleka gari lako gereji, mtake fundi akuoneshe bushi na boljointi kwa macho yako kabla hujanunua shokapu, na usimalize kumlipa ujira wake kabla ya kulijaribu gari barabarani, yeye akiwa ameketi kando yako.