Je, wajua? Mtungi wa kilo 6, jiko la geto

Kijana aliyelelewa Kiegeani, kisiwani Mafia, amezoea jiko la uani: mafiga matatu, makumbi na vifuu vya nazi visivyonunuliwa. Akivuka hadi Nyamisati na kuendelea na safari ya chuo Dar es Salaam, hana tena ua. Hosteli nyingi haziruhusu kupika, kwa hiyo wengi hupanga chumba kimoja mtaani. Humo humo mna kitanda, meza ya kusomea, ndoo ya maji na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake.

Kilichojaa ndani ya mtungi huo kwa sehemu kubwa ni kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani. Butani huchemka kwenye nyuzi joto sifuri hivi, propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa joto la Pwani zote mbili zingeshapotea hewani kama zisingebanwa na chuma. Ukifungua koki, shinikizo linashuka, kimiminika kinachemka humo ndani, na lita yake moja hutoa lita 250 hivi za gesi. Kuchemka kunahitaji joto, nalo hutolewa kwenye mtungi wenyewe. Ndiyo maana ukipika kwa muda mrefu, chini mtungi huwa wa baridi, na siku za unyevu hutoka jasho ubavuni. Jasho linapoishia ndipo gesi yako ilipofika. Pasipo jasho, mwagia maji ya moto ubavuni kisha pitisha kiganja: penye ubaridi pana gesi.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni na kujaa uvunguni. Basi mtungi ukae wima karibu na mlango, mbali na godoro na pazia, na mlango uwe wazi wakati wa kupika. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Kwa asili haina harufu, ile tunayoisikia hutiwa makusudi ili tushtuke. Ukiisikia, usiguse swichi wala kiberiti. Funga koki, fungua mlango, utoe mtungi nje. Huko nje paka povu la sabuni kwenye maungio, ufungue koki kidogo: vipovu vikivimba, mara nyingi ni mpira wa ndani uliochakaa, na hubadilishwa kwa bei ndogo.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, hata mvua inyeshe vipi. Kaboni monoksaidi yake haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu wamelala nalo wasiamke.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa mwanafunzi, kazi ngumu ni kujaza mtungi mara ya pili, kwa hiyo tupige hesabu. Hata nusu ya joto ikipotea pembeni mwa sufuria, kilo 6 huweza kuchemsha zaidi ya lita 400 za maji. Gesi huishia kwenye mvuke: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula joto mara saba ya lile lililoyachemsha. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauivishi haraka; yatabaki kwenye nyuzi 100 zile zile. Funika sufuria, punguza moto.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe. Kisha yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, maana maharage mekundu yana sumu ya asili isiyoisha kwa moto hafifu. Baada ya hapo zima gesi, funga sufuria na mfuniko wake ndani ya blanketi nene, uende darasani. Ukirudi yamelainika, yanangoja kuchemshwa tena kidogo na kuungwa kwa tui.