Deni Lisiloandikwa ni Haki ya Mayatima

Kila inaposaliwa Swala ya jeneza katika misikiti yetu ya Gerezani na Kariakoo, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone warithi. Wanaodai hujitokeza siku hiyo hiyo. Wanaodaiwa ni nadra kuonekana. Ikiwa marehemu alikuwa mfanyabiashara na hesabu zake zilikuwa kichwani tu, mjane hubaki na rafu tupu huku wenye mali wakibisha hodi.

Maradhi haya huanza mwenyewe akiwa hai. Biashara ya Gerezani, kuanzia spea za magari hadi vifaa vya ujenzi, imesimama juu ya uaminifu. Mwagizaji humpa mwenye duka mali kauli, mwenye duka humpa fundi na mchuuzi, na mteja wa mkoani huchukua mzigo kwa ahadi. Mmoja akichelewa, wote hukwama. Tuchukue mfano wa mwenye mtaji wa shilingi 20,000,000 aliyekopesha 12,000,000. Kwa maneno, mwezi huo ameuza vizuri. Lakini kodi ya pango, mishahara ya vijana na haki ya mwenye mzigo havilipwi kwa faida iliyo mikononi mwa watu; vinataka fedha taslimu. Ndiyo maana duka lenye wateja wengi huweza kufungwa.

Aliyesajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani ana mzigo zaidi. Ritani yake hutakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mauzo ya mkopo yaliyokwisha kutolewa risiti huhesabiwa humo hata kama mteja hajalipa senti.

Thamani nayo huyeyuka. Kati ya mwanzo wa 2023 na katikati ya 2024, dola moja ilipanda kutoka takriban shilingi 2,300 hadi zaidi ya 2,600. Deni la shilingi 10,000,000 lililocheleweshwa kipindi hicho lilipoteza karibu dola 500 za kununulia mzigo mpya. Muislamu hawezi kufidia hasara hiyo kwa kuongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa, kwani hiyo ni riba. Basi kinga yake ni kuandika vizuri na kudai mapema.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu deni. Inaagiza deni liandikwe pamoja na muda wake, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Wapo wanaoona haya kumwandikisha ndugu au jirani, wakidhani ni kumtuhumu. Sivyo. Maandishi humlinda mdai na mdaiwa, na huhifadhi udugu wao. Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kudai nako kuna adabu. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inataka mwenye dhiki apewe muda hadi apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mwenye uwezo anayezungusha watu, Mtume (s.a.w.) amelihesabu jambo hilo kuwa dhulma. Kumdai huyo si ukali.

Tunawanasihi ndugu zetu wafanyabiashara wamwekee kila mteja kikomo cha mkopo, wamwandikishe tarehe ya kulipa na kusaini, wampigie kabla ya siku kufika, na wasimpe mzigo mpya kabla ya kumaliza wa zamani. Daftari lipitiwe kila wiki. Nakala ikae nyumbani, kwani Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa 10 Julai 2021 sote tuliona jinsi moto usivyochagua. Ikishindikana, itafutwe sulhu mbele ya wazee, kisha mahakama. Sheria ya Tanzania imeweka ukomo wa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na anayengoja zaidi ya hapo huweza kukosa pa kusemea.

Na usiku wa leo, ndugu msomaji, mwoneshe mkeo au mwanao mkubwa daftari lilipo: nani anakudai, na nani unamdai. Mwenyezi Mungu atuepushe na mzigo wa madeni, na awahifadhie watoto wetu haki zao. Amin.