KULINGANISHA VIPIMO VYA UPITISHAJI WA JOTO
Tahadhari kwa Vyama Vinavyokusudia Kujenga Vyumba vya Baridi

Chama cha msingi kinachokusudia kujenga chumba cha baridi cha kuhifadhia maziwa au matunda, katika sehemu yenye joto kama Mkata, hakina budi kununua vifaa vya kuzuia joto kwa ajili ya kuta na dari. Wauzaji hutoa bei, na pamoja na bei hutaja tarakimu ya upitishaji wa joto. Tarakimu hiyo ikisomwa vibaya, fedha za wanachama hupotea.

Kila kitu hupitisha joto, ila kwa viwango mbalimbali. Chuma hupitisha joto kwa wepesi. Hewa iliyotulia hupitisha kidogo sana, na ndiyo sababu paa la nyasi, lenye hewa nyingi katikati ya nyasi zake, huwa na ubaridi kuliko paa la bati. Vifaa vya povu hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kadiri tarakimu ya upitishaji ilivyo ndogo, ndivyo kifaa kinavyozuia joto zaidi.

VIPIMO VYENYEWE

Nchini Tanzania vipimo vya kisheria ni vya metriki, chini ya Sheria ya Vipimo Na. 20 ya mwaka 1982. Hata hivyo, vitabu vya bidhaa kutoka Marekani, pamoja na vile vya zamani kutoka Uingereza, hutumia futi, inchi na Farenhaiti.

Kwa metriki, hutajwa ni wati ngapi za joto zipitazo katika ukuta wenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa mita moja, pande zake mbili zikitofautiana kwa digrii moja ya Sentigredi. Baadhi ya hati huandika kelvini mahali pa Sentigredi. Katika kupima tofauti, hatua zake ni sawa.

Kwa vipimo vya Kiingereza hutumika BTU, yaani joto litoshalo kuongeza halijoto ya ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Hutajwa ni BTU ngapi zipitazo kwa saa moja katika futi moja ya mraba, kwa tofauti ya digrii moja ya Farenhaiti. Lakini unene huwa ni inchi moja katika hati nyingine, na futi moja katika nyingine. Hapo ndipo wengi hukosea.

NAMNA YA KUGEUZA

Wati 1 ni BTU 3.412 kwa saa. Ukuta wa unene wa mita ukipunguzwa hadi inchi, joto lipitalo huongezeka mara 39.37. Eneo likipunguzwa kutoka mita ya mraba hadi futi ya mraba, joto hugawanywa kwa 10.764. Na kwa kuwa digrii moja ya Sentigredi ni digrii 1.8 za Farenhaiti, hugawanywa tena kwa 1.8. Jibu ni 6.93. Kwa hiyo:

(a) Tarakimu ya BTU kwa inchi igawanywe kwa 6.93 ili kupata metriki.
(b) Tarakimu ya BTU kwa futi izidishwe kwa 1.73 ili kupata metriki.

Ifahamike kwamba katika hesabu hii 32 haitolewi wala haijumlishwi. Namba hiyo hutumika katika kugeuza halijoto yenyewe, si tofauti kati ya halijoto mbili.

MFANO

Ichukuliwe kwamba chama kimepokea hati tatu za bei kwa vifaa vya unene mmoja. Ya kwanza inataja 0.035 kwa metriki. Ya pili 0.21 kwa BTU na inchi. Ya tatu 0.020 kwa BTU na futi. Katibu akitazama tarakimu tupu, atadhani ya tatu ni bora na ya pili ni duni kabisa. Zikigeuzwa, ya pili ni 0.030, na ya tatu ni 0.035, sawasawa na ya kwanza. Hivyo ile iliyoonekana duni ndiyo bora, na chama kitakacholipa zaidi kwa ajili ya ile ya tatu hakitapata faida yoyote kuliko ya kwanza.

Chumba chenye kuta na dari za jumla ya mita za mraba 30, unene wa sentimita 10, nje kukiwa na digrii 32 na ndani digrii 4, hupitisha wati 294 kwa kifaa cha 0.035, na wati 252 kwa kile cha 0.030. Tofauti ya wati 42 ni karibu kilowati-saa moja ya joto kila siku, ambalo mashine lazima ilitoe kwa miaka yote ya uhai wa chumba.

Tarakimu hizi ni za kifaa kikavu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa; povu likilowa, ubora wake hupungua.

Makatibu wanashauriwa kumtaka kila muuzaji aandike kipimo kamili pamoja na unene, kuzigeuza hati zote katika metriki, na kuiwekea Bodi jedwali moja la kulinganisha kabla ya kupitisha ununuzi. Hati yenye tarakimu isiyo na kipimo irudishwe kwa muuzaji.